Ndoa ao Maungano? Juu ya jina ambalo Leta inatoa, na jina ambalo inanyima

Kuna mabishano ambayo yanatufikia toka Ulaya, Amerika na Afrika ya Kusini yakiwa yamekwisha kuchujwa, na siye tunabaki na makapi tu. Mabishano juu ya ndoa ya watu wa jinsia moja ni kati ya hayo. Redio inasema neno moja, kijana anayerudi toka masomo anasema lingine, mhubiri anakemea la tatu, na mwisho wake sote tunatia kila kitu katika kapu moja: "Kule wameruhusu wanaume kuoana." Nani aliruhusu? Mwaka gani? Aliruhusu ndoa, ao kitu kingine chenye jina lingine? Mara nyingi hakuna anayeuliza.

Katika kitabu hiki cha mila hatukusudii kupiga kura juu ya ndoa hiyo. Siye wenyewe tunaoandika hatuna wazo moja juu yake. Tunataka kuchunguza maneno, juu katika nchi zile, kwa zaidi ya miaka makumi mawili, watu wamegombania jina sawa vile walivyogombania haki, na pengine zaidi. Kuna mabunge yaliyokubali kutoa karibu haki zote za ndoa, lakini yakakataa kutoa neno "ndoa". Na kuna watu waliopewa haki hizo zote, lakini wakaenda tribinali kutafuta neno hilo moja lililobaki. Mtu anayefikiri kwamba huo ni ugomvi wa bure, basi hajakaa bado katika kikao cha mahari, mahali ambapo neno moja likikosewa, wajomba wanasimama na kuondoka.

1. Kila kitu si ndoa

Tuanze na kupanga vitu mahali pake. Nchi ya kwanza kutoa sheria kwa watu wawili wa jinsia moja ilikuwa Danemark, katika mwaka 1989. Lakini sheria ile haikusema "ndoa". Ilisema "ushirika ulioandikishwa". Ndoa yenyewe iliwafungukia watu hao kule mwaka 2012 tu, miaka 23 baadaye. Uholanzi ilitoa ushirika wa namna hiyo mwaka 1998, na tarehe 1 Aprili 2001 ikawa nchi ya kwanza duniani kutumia neno ndoa.

Ufaransa ilipita njia ingine. Tarehe 15 Novemba 1999 ilitoa sheria ya PACS, maana yake mapatano ya kiraia ya kusaidiana. PACS ni ya watu wawili, wawe wa jinsia moja ao wa jinsia mbili. Haitoi urithi kama marehemu hakuacha barua ya urithi. Haimpi mjane pensheni ya mwenzake. Tena tuangalie jambo hili: ndoa inafungwa komini, mbele ya bulgumesta mwenye utepe wa taifa kifuani, lakini PACS iliandikishwa tribinali, kwenye dirisha la karani. Ilihamishwa komini mwaka 2017 tu. Sheria inaongea kwa maneno, lakini inaongea pia kwa mahali inapowapokea watu. Dirisha la karani na salo ya arusi havisemi maneno mamoja.

Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, ilitoa sheria ya kuishi pamoja kisheria mwaka 1998, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2000. Hii nayo si ndoa. Hata kaka na dada wanaweza kuiandikisha, juu sheria haiulizi mambo ya kitanda. Mmoja akichoka, anaandika kwamba anaondoka, na mambo yamekwisha. Kisha, mwaka 2003, Ubelgiji ikafungua ndoa yenyewe, ikawa nchi ya pili duniani.

Sasa tufikiri binti wa Bukavu anapiga simu toka Bruxelles na kusema kwamba yeye na rafiki yake mwanaume wamejiandikisha kuishi pamoja kisheria. Mzazi hapa nyumbani anaelewa mara moja kwamba hiyo si ndoa. Atauliza: "Wazazi wa huyo kijana ni nani? Mahari iko wapi? Watakuja siku gani?" Hakuna mtu atakayemwita yule kijana mkwe. Basi, kama tunajua kutofautisha vizuri hivyo mambo yakimhusu binti yetu, juu ya nini tunaacha kutofautisha mambo yakiwahusu watu wengine? Mtangazaji aliyetafsiri PACS ya 1999 kwa "ndoa ya mashoga" alikosea mara mbili: ile haikuwa ndoa, na tena haikuwa ya watu hao peke yao. Leo sehemu kubwa sana ya wale wanaofunga PACS ni mwanaume na mwanamke.

2. "Lakini ni jina tu"

Uingereza ndiyo inatuonyesha ugomvi wa jina ukiwa uchi kabisa. Sheria yake ya mwaka 2004, iliyoanza kazi Desemba 2005, iliunda kitu ambacho tunaweza kuita ushirika wa kiraia. Kwa haki, kilikuwa karibu sawa na ndoa: urithi, pensheni, kodi, kumtembelea mgonjwa. Lakini waandikaji wa sheria walichunga mpaka usionekane kama arusi. Ndoa inafungwa kwa maneno ya kinywa, lakini ushirika ulifungwa kwa kutia sahihi. Ibada ya dini ilikatazwa wakati wa kuandikisha. Uzinzi, ambao ulikuwa sababu ya kuvunja ndoa, haukutajwa kati ya sababu za kuvunja ushirika.

Wanawake wawili, Celia Kitzinger na Sue Wilkinson, wote walimu wa chuo kikuu, walikuwa wamefunga ndoa Canada mwaka 2003, ambako sheria iliruhusu. Waliporudi kwao, sheria ya Uingereza iliibadilisha jina: kule ni ndoa, hapa ni ushirika. Walienda tribinali. Mwezi wa Julai 2006 jaji Mark Potter aliwakatalia. Alisema kwamba sheria haiwaweki chini, inawaweka mahali tofauti tu, tena kwamba Bunge lilikuwa na haki ya kulinda maana ya zamani ya neno ndoa.

Tukisoma hukumu ile kwa makini, tunaona fundo ndani yake. Wakili wa Leta akisema "ni jina tu, haki ni zile zile", mtu anaweza kumuuliza: kama ni jina tu, juu ya nini munalikatalia? Na akijibu kwamba jina ni kitu kikubwa cha kulindwa, basi ameshakubali kwamba amewanyima watu kitu kikubwa. Hawezi kushika maneno yote mawili kwa mkono mmoja. Bunge la Uingereza lenyewe liliona fundo hilo na likalifungua mwaka 2013. Mwezi wa Machi 2014, ndoa ya wale wawili ikatambuliwa kuwa ndoa.

Lakini hadithi haikuishia pale, na sehemu hii ya mwisho wengi hawaijui. Mwanamke na mwanaume, Rebecca Steinfeld na Charles Keidan, walikuja na ombi la kinyume. Wao waliweza kufunga ndoa siku yoyote, lakini hawakulitaka neno. Walisema neno ndoa limebeba historia ya mwanamke kuwa mali ya mwanaume. Walitaka ushirika wa kiraia, ambao sheria iliuweka kwa watu wa jinsia moja peke yao. Tribinali kuu iliwapa haki mwezi wa Juni 2018, na tangu tarehe 31 Desemba 2019 mlango ule uko wazi kwa wote. Basi kuna watu waliolilia neno, na kuna watu waliolikimbia neno lile lile. Hakuna anayekimbia kitu kitupu.

3. Afrika ya Kusini: neno lenye kovu

Tukaribie kwetu. Afrika ya Kusini ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika iliyofungua ndoa kwa watu wa jinsia moja, na njia yake inafaa kusomwa na kila Mwafrika, akubali ao asikubali mwisho wake.

Tarehe 1 Desemba 2005, Tribinali ya Katiba ilitoa hukumu katika kesi ya Marie Fourie na Cecelia Bonthuys. Jaji Albie Sachs aliandika kwamba sheria ya ndoa inapingana na Katiba, na Bunge likapewa mwaka mmoja wa kuitengeneza. Alionya pia kwamba Bunge lisitoe dawa yenye sura ya usawa kwa nje, lakini ndani inawasukuma watu pembeni kwa namna mpya. Katika nchi ile, kila mtu alijua maana ya kumwambia mwenzako: "Wewe utakuwa na mlango wako mwenyewe, mzuri vile vile."

Mwaka 2006 serikali ilileta andiko la kwanza, ambalo liliwapa watu hao ushirika wa kiraia tu. Halikupita hivyo. Sheria iliyopita, na ambayo ilianza kazi tarehe 30 Novemba 2006, inaitwa Sheria ya Maungano ya Kiraia. Ndani yake wawili wanaulizwa na afisa: munataka maungano yenu yaitwe ndoa, ao ushirika wa kiraia? Wanachagua wenyewe. Sheria ya zamani ya ndoa, ya mwaka 1961, ilibaki pembeni kwa mwanaume na mwanamke. Hivi, jina kubwa la sheria linasema "maungano", na neno "ndoa" linakaa ndani, kama mgeni aliyeingizwa kwa mlango wa jikoni. Tunaona hapo werevu wa wanasiasa: kila upande ulipewa neno la kurudi nalo nyumbani.

Sasa, neno "maungano" lilikuwa na kovu katika sheria za nchi ile. Sheria ya mwaka 1927 ya kutawala Weusi ilitofautisha vitu viwili. Ndoa ya Mzungu, ao ya Mweusi aliyefunga kizungu, iliitwa ndoa. Lakini Mweusi aliyetoa ng'ombe za lobola, akafuata mila yote, mbele ya ukoo wote, hakuwa na ndoa machoni pa sheria ile. Alikuwa na "maungano ya kimila". Bibi yake hakuwa bibi kamili. Ilichukua mpaka sheria ya mwaka 1998, iliyoanza kazi mwaka 2000, kwa ndoa za mila kuitwa ndoa kwa ukamilifu. Kumbe njia ya kutoa sehemu ya haki na kubakiza jina haikuanza na watu wa jinsia moja. Iliwahi kupigwa juu ya babu zetu.

4. Kwetu pia jina lilinyimwa

Hapa njo tunapotaka msomaji wetu asimame kidogo. Koloni ya Ubelgiji nayo ilikuwa na mizani yake ya kupima nani ni bibi na nani si bibi. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia mwaka 1951. Mwanamke aliyeolewa kimila kuwa bibi wa pili baada ya tarehe ile, pamoja na mahari yake na baraka za wazee, mbele ya Leta hakuwa bibi wa mtu.

Katika miji, Leta iliunda hata jina kwa wanawake wa namna hiyo: "wanawake wanaoishi peke yao kinadharia". Katika jina hilo waliingizwa wajane, walioachwa, bibi wa pili, pamoja na wale waliofanya biashara ya mwili. Wote walilipishwa kodi moja. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, miaka ya 1950, wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, watu wa Kiswahili kama siye, waliikataa kodi ile. Wengi walisikia tusi ndani yake. Mjane mwenye heshima aliona kwamba karatasi ya kodi inamwita, kwa maneno ya mtaani, malaya. Franka alizipata sokoni. Jina je, angelirudishia wapi?

Bamama wale hawakusoma sheria, lakini waliona mapema jambo ambalo majaji wa Ulaya walichukua miaka mingi kuliona: Leta ikishika kalamu ya kuwapa watu majina, inashika heshima yao pia.

Hatusemi kwamba bibi wa pili wa Buyenzi na wanaume wawili wa Johannesburg ni jambo moja. Kila jambo lina mizizi yake. Tunasema kwamba chombo kilichotumiwa ni kimoja, na siye tuliopigwa nacho tungepaswa kukitambua tukikiona mkononi mwa mtu mwingine.

5. Sheria yetu na Kanisa

Katika nchi yetu, mlango umefungwa kwa neno lililo wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kuoana na mtu anayemchagua, na inaongeza: wa jinsia tofauti. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inataja mwanaume na mwanamke. Tuangalie miaka: Katiba yetu na sheria ya Afrika ya Kusini zote mbili ni za 2006. Nchi mbili za Afrika, katika mwaka mmoja, ziliona kwamba jambo hili linahitaji kuandikwa, na kila moja ikaandika lake. Asiyekubaliana na kifungu cha 40 anajua mahali pa kukielekea. Anayekubaliana nacho anajua mahali pa kuegemea. Hiyo ni faida ya neno lililo wazi.

Kanisa Katolika nalo lilipita katika ugomvi wa maneno. Tarehe 18 Desemba 2023, Roma ilitoa andiko Fiducia supplicans. Andiko lile halikuruhusu ndoa. Lilisema kwamba mapadri wanaweza kutoa baraka fupi kwa wawili wa jinsia moja, pasipo ibada, pasipo kuambatana na sherehe ya maungano ya kiraia, na pasipo nguo, ishara wala maneno ya arusi. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa jina la maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa yao. Roma ilitofautisha baraka na ndoa. Maaskofu wetu waliona kwamba waamini hawataishika tofauti hiyo na kwamba watachanganyikiwa. Mtu anaweza kuwapa maaskofu haki ao kuwapinga. Lakini tujiulize siye wenye kalamu na mikro: kama waamini wetu hawana maneno mawili kwa vitu viwili, ni kosa la nani? Siku zile tulisikia watu wakisema kwamba Papa amefungisha ndoa. Huo ulikuwa uongo, na ulitembea kwa Kiswahili kizuri kabisa.

6. Wazee wasifanywe mashahidi wa kukodiwa

Tunapinga pia desturi moja ya wasomi, wa pande zote mbili. Upande mmoja unaleta mila ya Wanandi wa Kenya ao Wakurya wa Tanzania, ambako mwanamke asiye na mtoto mwanaume anaweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwingine, na kusema: "Munaona? Afrika ilikuwa nayo." Upande mwingine unasema kwamba hakuna Mwafrika aliyewahi kufikiri kitu kama hicho, na unafunga kitabu.

Wote wanawakosea wazee. Mila ile ilihusu ukoo na urithi: mwanamke yule anachukua nafasi ya bwana, na watoto wanaozaliwa wanaitwa wa nyumba yake. Haikuwa ile ndoa ya mapenzi inayobishaniwa London. Lakini ilikuwa ndoa, na wazee hawakuogopa kuiita ndoa. Walitumia neno kwa kujua sababu yake. Kiswahili chenyewe kinatufundisha kuangalia: ndoa inatoka katika kuoa, na kuoa kuna anayeoa na anayeolewa. Mwenye kutafsiri habari za Ulaya lazima aamue kama atasema kuoa, kuolewa ao kuoana, na kila mara anachagua maana kabla hajajua kama amechagua.

7. Tunashika nini?

Kwanza, tupatane juu ya maneno. Mariage ya sheria iitwe ndoa, hata kama hatuipendi. PACS iitwe mapatano ya kiraia. Sheria ya Ubelgiji iitwe kuishi pamoja kisheria. Ile ya Uingereza ya 2004 iitwe ushirika wa kiraia. Neno maungano ya kiraia libaki kwa nchi zinazolitumia, kama Afrika ya Kusini. Mwalimu, mtangazaji na mhubiri wakishika maneno haya, tutaweza kubishana vizuri, kila mtu akijua anabishia nini.

Pili, tuache kusema "ni jina tu". Anayepinga ndoa hiyo aseme waziwazi kwamba anapinga, na sababu yake. Anayeikubali aseme vilevile. Kujificha nyuma ya jina la pili, eti limetoa kila kitu, ni njia ambayo hata mengi kati ya mabunge yaliyoitengeneza yameiacha.

Tatu, jicho hili tulilolifungua tuligeuzie mitaa yetu. Ni wangapi kati yetu wanaojua mama aliyetolewa mahari, aliyezaa, aliyefiwa, na ambaye siku ya kilio jamaa ya bwana ilimwambia: "Karatasi iko wapi? Wewe ulikuwa yaka tofanda tu"? Maneno hayo ya Kilingala yanamaanisha "kuja tukae", nayo yamevuka mpaka Mashariki. Sheria ya Jamaa inaijua ndoa iliyofungwa katika familia, lakini inataka iandikishwe etasivili ili isimame mbele ya watu wengine. Wengi hawaandikishi, na jamaa zenye tamaa zinangojea kifo ili zibadilishe jina la mwanamke. Asubuhi alikuwa bibi, mangaribi ni mgeni.

Tunayaandika haya tukijua kwamba wasomaji wetu watagawanyika juu ya ndoa ya watu wa jinsia moja, na wana haki ya kugawanyika. Lakini mtu anayepiga kelele kulinda neno ndoa dhidi ya wageni wa mbali, na huku anamnyima neno lilelile mjane wa ndugu yake, hatuwezi kumwita mlinzi wa mila. Mila zetu zilijua kwamba aliyetolewa mahari mbele ya mashahidi ana jina, na kwamba jina hilo halizikwi pamoja na maiti. Tuanzie pale.